Wachimba sarafu wanaoficha kurasa: Muuzaji asubiri muda gani kabla ya kuachia mzigo?

Na Mwandishi Wetu

UKITAJA neno uchimbaji huko Matambarale, wilayani Ruangwa, kila mtu anajua unazungumzia nini. Ni kinywe, madini meusi yanayoacha alama mkononi kama penseli, ambayo yameifanya sehemu hiyo ya mkoa wa Lindi ianze kutajwa katika masoko ya mbali. Mfanyabiashara wa Ruangwa au Nachingwea haelezwi mengi juu ya biashara hiyo: kuna mwenye leseni, kuna mzigo, kuna mizani na kuna bei.

Upo, hata hivyo, uchimbaji mwingine usiokuwa na shimo wala sururu. Ni uchimbaji wa sarafu za mtandaoni, kama vile Bitcoin, unaofanywa na mashine za kompyuta zinazokula umeme usiku na mchana. Sarafu hizo zinafika hadi kwenye simu ya mnunuzi wa ufuta na ya kijana aliyepata malipo yake ya korosho. Wako wanaoziweka kama akiba, na wako wanaotaka kulipia bidhaa kwa sarafu hizo badala ya shilingi.

Swali ambalo mwenye mzigo anapaswa kujiuliza ni moja. Malipo yakishaonekana kwenye simu yangu, yanaweza kufutwa?

Jibu ni ndiyo, yanaweza. Yamekwishafutwa mara kadhaa katika masoko makubwa ya dunia, na Septemba 2025 malipo zaidi ya mia moja yalifutika kwa mpigo katika sarafu inayofahamika sana. Hakuna aliyevunja kufuli wala kuiba neno la siri. Waliofanya hivyo walitumia kanuni zile zile za sarafu yenyewe. Wiki hii ukurasa huu unaeleza jinsi ujanja huo unavyofanya kazi, gharama yake, na hatua ambazo mfanyabiashara anaweza kuchukua kujikinga.

DAFTARI LISILO NA KARANI MMOJA

Mkulima anapopeleka korosho zake ghalani kupitia chama cha msingi, mzigo unapimwa, karani anaandika, na mkulima anapata stakabadhi. Karatasi ile ina thamani kwa sababu nyuma yake kuna ghala lenye leseni na Sheria ya Stakabadhi Ghalani ya mwaka 2005. Karani akiandika uongo, yupo wa kushitakiwa.

Bitcoin, iliyoanza kufanya kazi Januari 2009, haina karani wa namna hiyo. Daftari lake lipo katika maelfu ya kompyuta duniani, kila moja ikiwa na nakala yake. Malipo hukusanywa na kuandikwa katika kurasa ambazo wenyewe huziita bloku, na kila bloku inafungwa kwenye ile iliyotangulia kama pingili za mnyororo.

Nani anaandika ukurasa unaofuata? Hapo ndipo uchimbaji unapoingia. Kila anayetaka kuandika hana budi kufumbua fumbo la hesabu ambalo halina njia ya mkato. Mashine inakisia mara mabilioni hadi ipate jibu. Ni kama bahati nasibu ambayo tiketi zake zinanunuliwa kwa umeme: mwenye mashine nyingi ana tiketi nyingi. Kwa wastani mshindi mmoja hupatikana kila dakika 10, na tangu Aprili 2024 zawadi yake ni Bitcoin 3.125 pamoja na ada za malipo aliyoyaandika.

Utaratibu huu unaitwa uthibitisho wa kazi. Unalindwa na kanuni moja: yakitokea madaftari mawili yanayopingana, lililobeba kazi kubwa zaidi, ambalo kwa kawaida ndilo refu zaidi, ndilo la kweli. Jingine linatupwa.

Kanuni hiyo ndiyo ngao ya sarafu hizi, kwani anayetaka kubadili ukurasa wa zamani lazima arudie kazi yote iliyofanyika tangu ukurasa huo. Lakini pia ndiyo mlango wa wajanja. Kanuni haiulizi ni nani aliyefanya kazi hiyo, wala kama aliifanya hadharani au kwa siri.

UJANJA WA KUFICHA UKURASA

Mwaka 2013 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, Ittay Eyal na Emin Gün Sirer, walitoa hesabu iliyowashitua wengi. Hadi wakati huo ilidhaniwa kwamba mradi wachimbaji wengi ni waaminifu, hakuna mdanganyifu anayeweza kupata zaidi ya haki yake. Wawili hao walionyesha kuwa dhana hiyo si sahihi.

Ujanja wenyewe ni huu. Tuchukue kwamba daftari limefika ukurasa wa 100. Mchimbaji mjanja anapata ukurasa wa 101, lakini hautangazi. Anauficha na kuanza kutafuta wa 102. Wenzake hawana habari, bado wanahangaika na 101. Mjanja akibahatika kupata wa 102 kabla yao, anakuwa na kurasa mbili mfukoni. Wenzake wanapopata ukurasa wao wa 101 na kuutangaza kwa furaha, yeye anaachia kurasa zake mbili kwa pamoja. Daftari lake ni refu zaidi, na kwa kanuni ndilo la kweli. Ukurasa wa wenzake unatupwa, na umeme walioutumia umekwenda bure.

Mjanja naye hupoteza siku nyingine, kwa sababu anapoficha ukurasa mmoja wenzake wanaweza kumfikia na kumpita. Kwa hiyo ujanja huu haumfai kila mtu. Kwa hesabu ya wataalamu hao, tukichukua hali mbaya kabisa kwa mjanja, yaani kila wanapotangaza sawa wenzake wanasikilizwa kabla yake, mambo yanakuwa hivi:

- Mwenye robo ya nguvu yote ya uchimbaji anapata kiasi cha bloku 19.5 kati ya kila 100 badala ya 25. Anakula hasara.
- Mwenye theluthi moja anapata theluthi moja. Hana faida wala hasara.
- Mwenye 40 kati ya 100 anapata zaidi ya bloku 48 kati ya 100. Hapo ujanja unalipa.

Mjanja mwenye mtandao wa haraka kuliko wenzake, ambaye habari zake zinawahi kufika, anaweza kupata faida hata akiwa chini ya theluthi. Eyal na Sirer walipendekeza marekebisho ambayo yangeweka kizingiti kwenye robo, na wakasisitiza kuwa nusu, ambayo wengi walikuwa wakiitegemea kama mstari wa hatari, haikuwa kinga ya kweli.

Jambo jingine ambalo mwekezaji anapaswa kulielewa ni kwamba faida hiyo haiji siku ya kwanza. Mwanzoni mjanja anawapotezea wenzake kazi, lakini yeye mwenyewe haongezi bloku hata moja. Faida inakuja baada ya mfumo kuona kwamba bloku zinatoka polepole na kurahisisha fumbo. Kwa Bitcoin marekebisho hayo hufanyika kila baada ya bloku 2,016, yaani kama wiki mbili. Zipo sarafu ndogo zinazorekebisha fumbo kila bloku, na huko mjanja hasubiri muda mrefu kuona matunda ya ujanja wake.

Hatari kubwa zaidi inakuja baadaye. Wachimbaji waaminifu wakiona mapato yao yanashuka huku ya mjanja yakipanda, watavutwa kuhamia upande wake. Kundi linakua, na likikaribia nusu ya nguvu yote, linaweza kufanya jambo zito kuliko kujipunjia zawadi.

KULIPA MARA MBILI KWA SARAFU ILE ILE

Jambo hilo zito ndilo linalomgusa muuzaji moja kwa moja. Tuseme mnunuzi anakulipa sarafu kwa magunia ya ufuta. Malipo yanaandikwa kwenye ukurasa, simu yako inaonyesha yameingia, nawe unaachia lori liondoke. Wakati huo huo mnunuzi anaandika kwa siri daftari jingine, ambamo sarafu zile zile amejilipa mwenyewe. Lori likishafika mbali, anatoa daftari lake. Likiwa refu zaidi, ukurasa uliokuwa na malipo yako unatupwa. Sarafu zimerudi kwake na ufuta ameondoka nao.

Kila mfanyabiashara anajua tofauti kati ya kupokea hundi na hundi kukubaliwa benki. Hapa pia ni hivyo. Malipo yanapoonekana ni sawa na hundi kuwa mkononi. Yanakomaa kadiri kurasa nyingine zinavyoongezwa juu ya ule ulioandikwa malipo yako, kwa sababu mdanganyifu atalazimika kuzirudia zote.

Aliyebuni Bitcoin, anayejulikana kwa jina la Satoshi Nakamoto, alitoa hesabu ya kusubiri katika maandishi yake ya mwaka 2008. Jedwali lifuatalo linaonyesha idadi ya bloku ambazo muuzaji anapaswa kusubiri ili nafasi ya mdanganyifu kufaulu iwe chini ya moja kati ya 1,000. Muda tumeuhesabu kwa kasi ya Bitcoin ya dakika 10 kwa bloku.

Nguvu ya mdanganyifu: 10 kati ya 100. Subiri bloku 5, kama dakika 50.
Nguvu 20 kati ya 100. Subiri bloku 11, kama saa 1 na dakika 50.
Nguvu 30 kati ya 100. Subiri bloku 24, kama saa 4.
Nguvu 40 kati ya 100. Subiri bloku 89, kama saa 15.
Nguvu 45 kati ya 100. Subiri bloku 340, zaidi ya siku mbili.

Nguvu ikifika nusu, hakuna idadi inayotosha. Mdanganyifu akiwa na subira atashinda tu.

Msomaji aangalie jinsi tarakimu zinavyopanda. Kutoka 10 hadi 20 muda unaongezeka kidogo zaidi ya maradufu, lakini kutoka 40 hadi 45 unaongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana swali la "nisubiri bloku ngapi" halina jibu moja kwa sarafu zote. Linategemea nani ameshika nguvu, na kiasi gani.

YALIYOKWISHATOKEA

Mei 2018 sarafu ya Bitcoin Gold, ambayo ni tofauti na Bitcoin yenyewe, ilivamiwa na mtu au kundi lililopata zaidi ya nusu ya nguvu ya uchimbaji. Mvamizi alipeleka sarafu katika masoko ya kubadilishia, akazibadili, kisha akatoa daftari la siri lililofuta malipo yake ya awali. Sarafu zilizohusika zilikadiriwa kuwa na thamani ya Dola za Marekani milioni 18. Waliobeba hasara walikuwa masoko, ambao kwa lugha yetu ni wauzaji walioachia mzigo mapema.

Ethereum Classic ilipata pigo Januari 2019, na Agosti 2020 ikavamiwa mara tatu katika mwezi mmoja. Katika uvamizi wa kwanza wa mwezi huo zilirudiwa bloku zaidi ya 3,500, na wachunguzi wa kampuni ya Bitquery walikadiria kuwa sarafu 807,260, sawa na Dola milioni 5.6 kwa bei ya wakati huo, zililipwa mara mbili.

Mvamizi hakuwa na mashine zake. Alizikodi katika soko la mtandaoni la kukodisha nguvu ya uchimbaji, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa Dola 192,000. Kwa hesabu ya kawaida ya biashara, kila Dola moja aliyotoa ilimletea kama Dola 29. Ni biashara gani halali inayorudisha hivyo kwa siku chache?

Tukio la karibuni lilihusu Monero, sarafu inayochimbwa kwa kompyuta za kawaida kwa makusudi, ili nguvu isiangukie mikononi mwa wachache wenye mashine maalumu. Mwaka 2025 mradi mwingine uitwao Qubic ulianza kuwavuta wachimbaji wa Monero kwa kuwalipa zaidi ya walichokuwa wakipata kwa kuchimba moja kwa moja, sehemu ya malipo ikiwa kwa sarafu yake yenyewe. Ni mbinu ambayo wenyeji wa minada ya korosho wanaifahamu: mnunuzi mwenye nia yake anatoa bei ya juu kidogo ili mzigo wote uelekee kwake.

Tarehe 12 Agosti 2025 Qubic ilitangaza kuwa imepita nusu ya nguvu ya Monero, na bloku 6 za Monero zikabadilishwa. Wachunguzi wengi wa takwimu walipinga dai la nusu, wakisema kundi hilo lilikuwa chini ya hapo na lilikuwa likificha bloku kwa ujanja ule ule ulioelezwa mwaka 2013. Ubishi huo ulikuwa habari mbaya kwa muuzaji, kwani ulionyesha kuwa hata chini ya nusu daftari linaweza kutikiswa.

Septemba 14 mwaka huo bloku 18 zilifutwa kwa mpigo, yaani kazi ya kama dakika 36, na malipo zaidi ya mia moja yakabatilika. Kabla ya hapo desturi ya Monero ilikuwa kuhesabu malipo kuwa salama baada ya bloku 10. Aliyefuata desturi hiyo siku ile hakuwa salama.

Soko la Kraken, moja ya masoko makubwa ya Marekani, lilikuwa limesimamisha kupokea Monero mwezi Agosti, kisha likafungua kwa sharti la kusubiri bloku 720. Kwa Monero, yenye bloku moja kila dakika mbili, hiyo ni siku nzima.

KWA NINI BITCOIN HAIJAANGUKA

Msomaji atauliza, kama ujanja unajulikana tangu 2013, mbona Bitcoin haijavamiwa hivyo? Jibu ni la kiuchumi.

Kwanza, nguvu inayoilinda ni kubwa mno kuweza kukodiwa kwa wiki moja. Mashine zake zimetengenezwa kwa kazi hiyo tu, na aliyenunua maelfu ya mashine hizo hawezi kuzigeuza kuwa kitu kingine. Akiivuruga Bitcoin, bei inaanguka, na mali yake inageuka chuma chakavu. Mwenye shamba hachomi mikorosho yake.

Mpangaji, kwa upande mwingine, hana uchungu na nyumba. Ndiyo maana sarafu zilizovamiwa ni zile ambazo mashine za kuzichimba zinaweza kukodiwa, au zinaweza kuhama leo kwenda sarafu nyingine kesho. Aliyekodi anavamia, anauza, anaondoka.

Pili, wachimbaji wenyewe wamewahi kushituka kwa wakati. Mwaka 2014 kundi moja liitwalo GHash.io lilifikia nusu ya nguvu ya Bitcoin. Hakukuwa na ushahidi kwamba lilitumia nafasi hiyo kufuta malipo ya watu, lakini wachimbaji wengi walijitoa, na kundi likaahidi kutopita 40 kati ya 100.

Hata hivyo, tatizo la msongamano halijaondoka. Katika miaka ya karibuni makundi mawili tu, Foundry USA na AntPool, kwa pamoja yamewahi kukaribia na hata kuzidi nusu ya bloku zote katika vipindi fulani. Hayo ni makundi yanayokusanya kazi za wachimbaji wengi, na wanachama wanaweza kuhama. Lakini kadiri wanapokuwa ndani, anayepanga ukurasa uandikwe vipi ni msimamizi wa kundi.

UMEME WETU, KALAMU YA NANI?

Afrika Mashariki nayo imeingia katika biashara hii. Mashariki mwa Kongo, Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maji yanayoteremka milimani, ili kupata fedha za kulinda hifadhi wakati watalii walipokosekana. Nchini Kenya kampuni ya Gridless imekuwa ikiweka mashine karibu na mitambo midogo ya umeme vijijini, ikinunua umeme ambao ungekosa mteja. Ethiopia, yenye mabwawa makubwa, imewauzia umeme wachimbaji kutoka nje, wengi wao Wachina.

Wapo wanaosema kuwa mashine zikienea Virunga, Murang'a na Addis Ababa, basi daftari nalo linakuwa salama zaidi kwa kuwa nguvu imetawanyika. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mchimbaji mdogo karibu kila mara hupeleka kazi yake katika kundi kubwa ili apate kipato cha kila siku badala ya kungoja bahati. Umeme ni wa hapa, lakini kalamu imeshikwa mbali.

Wanachama wa vyama vya msingi katika wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale wanaielewa hali hiyo. Mashamba ni ya watu wengi, lakini mzigo ukishakusanywa kwenda mnadani, saini zinazohesabika ni chache. Usalama wa mwanachama hautokani na wingi wa mashamba. Unatokana na kuwabana wenye saini, na na uwezo wa kuondoka wakipotoka.

SHERIA ITAKUSAIDIA?

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kutahadharisha umma kwamba sarafu za aina hii si fedha halali nchini. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo badala ya kushitukizwa. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo yatokanayo na uhamishaji wa mali za kidijitali. Wenzetu wa Kenya walipitisha Oktoba 2025 sheria ya kuwapa leseni na kuwasimamia watoa huduma za mali hizo.

Mfanyabiashara asichanganye mambo mawili. Kutozwa kodi si sawa na kulindwa. Sheria inaweza kumbana mwenye duka la kubadilishia sarafu lililopo Dar es Salaam au Nairobi. Haiwezi kuliamuru daftari lililotawanyika dunia nzima lirudishe ukurasa uliotupwa. Aliyefutiwa malipo hana stakabadhi ya kupeleka ghalani wala karani wa kumfikisha mahakamani.

LA KUFANYA

Kwa msomaji ambaye ameamua kugusa sarafu hizi, iwe kama akiba au kama malipo, ukurasa huu unapendekeza yafuatayo:

1. Kabla ya bei, ulizia daftari. Je, sarafu inatumia uthibitisho wa kazi? Nani wanaichimba? Makundi mawili au matatu ya kwanza yana sehemu gani ya bloku? Takwimu hizo huwa wazi mtandaoni. Kundi moja likikaribia theluthi, anza kuwa macho. Likikaribia nusu, kaa pembeni.

2. Ulizia kama nguvu ya kuivamia inaweza kukodiwa, na kwa bei gani. Kama kuikodi kwa saa chache ni rahisi kuliko thamani ya mzigo wako, basi mzigo wako haulindwi na chochote.

3. Pima kusubiri kwako kwa ukubwa wa mzigo. Kikombe cha kahawa hakihitaji bloku 24. Tani kadhaa za ufuta zinahitaji. Anayevamia hutumia fedha, na hatatumia fedha kwa ajili ya kikombe cha kahawa.

4. Usiachie lori kwa sababu simu imelia. Andikeni katika mapatano yenu idadi ya bloku, na mnunuzi akikataa kusubiri, hiyo tayari ni taarifa ya kibiashara.

5. Masoko makubwa yakisimamisha kupokea sarafu fulani, au yakipandisha ghafla idadi ya bloku, nawe simama siku hiyo hiyo. Yana wataalamu wa kuangalia mchana na usiku, na mengi yamejifunza kwa hasara.

6. Usivutwe na sarafu ndogo kwa sababu tu ni rahisi. Bei ya chini huvuta wachimbaji wachache, wachimbaji wachache huleta ulinzi hafifu, na ulinzi hafifu huwaita wavamizi.

Wapenzi wa sarafu hizi hupenda kusema kwamba zinalindwa na hesabu, na hesabu haidanganyi. Ni kweli kwamba hesabu zenyewe hazijavunjwa katika matukio yote tuliyoyataja. Kilichovunjika ni dhana kwamba uaminifu utalipa siku zote kuliko udanganyifu. Daftari la uthibitisho wa kazi linalindwa na gharama ya kulidanganya, na gharama hiyo si sawa kwa kila sarafu wala kwa kila siku.

Katika biashara ya korosho, wakulima wa Kusini wameumizwa miaka mingi na kangomba, kipimo kisicho rasmi kinachotumiwa na walanguzi kununua zao kwa bei ya kutupa kabla halijafika ghalani. Kangomba ilistawi kwa sababu muuzaji alikuwa na haraka na mnunuzi alikuwa na subira. Mchimbaji anayeficha kurasa naye ana subira. Muuzaji aliyeshika mzigo wake hadi malipo yakomae hana cha kumwogopa sana.